Salamu za Ijumaa kwenye Nguzo ya Bi Mishi

Nikipita mahali panapokaangwa samaki kwa mafuta ya zamani, yale yaliyokwisha kuwa meusi na mazito, mkono wangu huenda sikioni kabla pua haijamaliza kazi yake. Wenzangu hunicheka. Wao harufu ile huwaletea njaa. Mimi huniletea simu. Nilizaliwa Bodo, kijiji cha wavuvi kilichojificha nyuma ya mikoko, na kwa watoto wa rika langu simu haikuwa kitu cha mfukoni. Ilikuwa ni mahali. Ukisema unakwenda kwenye simu, kila mtu alijua unakwenda kwa Bi Mishi, mama karanga wetu, aliyenunua samaki pwani, akawakaanga na kuwauza chini ya kibanda cha makuti pale njia inapopanda kutoka baharini. Kutwa nzima karai lake lilichemka, na sisi watoto tulizunguka hapo tukisubiri vipande vilivyovunjika, maana samaki aliyevunjika hauziki na Bi Mishi hakuwa mchoyo.

Simu yenyewe ilikuwa nzito, yenye vibonye vya mpira, zawadi ya mwanawe aliyekuwa akifanya kazi hotelini Diani. Ilikaa ndani ya kikapu kidogo cha ukili kilichopasuliwa upande mmoja, na kikapu kilitundikwa kwenye nguzo ya mkoko iliyoshika paa, kimo cha bega la mtu mzima. Hapo tu ndipo netiweki ilipotulia. Ukiitoa ukasogea nayo hata kidogo, sauti ilikatika. Kwa hiyo simu haikumfuata mtu; mtu ndiye aliyeifuata simu, akaikumbatia nguzo kwa mkono mmoja, akabandika sikio kikapuni, karai likitoa povu karibu na magoti yake. Bi Mishi alikuwa na maelezo yake. Sauti za ng'ambo, alisema, huvuka bahari, kwa hiyo zikifika nchi kavu lazima zitafute mti uliozoea maji ya chumvi. Leo mimi hula kwa kazi hii hii ya mawasiliano, na ningeweza kusema habari za mwinuko wa ardhi na mnara uliokuwa mbali upande wa Msambweni, lakini maelezo ya Bi Mishi bado nayapenda zaidi. Tena alikuwa mjanja wa biashara: kupokea simu kulikuwa bure, ila sijapata kumwona aliyepokea simu akaondoka bila samaki.

Na kulikuwa na moshi. Hakuna aliyezungumza kwenye nguzo ile akatoka na macho makavu. Wanaume wazima, manahodha waliokwisha kuona mengi, walibandika sikio, wakasikia sauti ya mtoto aliye Jeddah au ndugu aliye Tanga, kisha wakageuka wakijifuta kwa pindo la kikoi na kusema, "Moshi huu, Bi Mishi!" Naye, bila kuinua uso kutoka kwenye karai, alijibu, "Pole, kuni mbichi hizi." Alijibu hivyo hata siku ambazo kuni zilikuwa zimekauka zikatatarika motoni. Nilichelewa kuelewa kwamba ile ilikuwa heshima aliyowapa wateja wake pamoja na samaki.

Baba yangu, Omari, alikuwa Oman, dereva wa lori la maji. Alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, kwa kadi, kutoka kwenye kibanda cha simu karibu na alipokaa, na namba yake haikuonekana kwetu. Yeye alitupata sisi. Sisi hatukuwa na njia ya kumpata yeye. Saa hiyo nyumba yetu nzima ilihamia kwa Bi Mishi, na si nyumba yetu tu. Majirani walikuja, walimu wa chuo cha Kurani walikuja, hata watu waliokuwa na ugomvi na Bibi walikuja, kwa kuwa mtu aliye ughaibuni ni mtoto wa kijiji kizima. Simu ilikwenda kwa utaratibu wa heshima: kwanza Bibi, mzaa baba, kisha wazee, kisha majirani, kisha shangazi. Mama alikuwa wa mwisho. Mke hawezi kutangulia mbele ya mama mkwe, na mama alikuwa na adabu nyingi kuliko zilizomfaa. Alisimama kwenye ukingo wa kibanda, buibui limemshuka mabegani, midomo ikichezacheza kama anayesoma uradi. Mimi nilijua si uradi. Alikuwa akipanga la kusema.

Zamu yake haikufika. Waswahili walisema waraka ni nusu ya kuonana, na kwa Bibi simu ilikuwa hiyo nusu, hivyo ilistahili salamu kamili. Baba akisema shikamoo, Bibi aliitikia marahaba, kisha akaanza: hujambo, hali yako, umeamkaje, habari za kazi, habari za hao unaokaa nao, mwili hauna joto, mguu ule ulioumia utotoni hausumbui, chakula chapatikana, samaki wa huko wana ladha? Baba naye hakuwa mwana wa watu wengine. Alijibu moja moja, kisha akarudisha zote, akiuliza watu kwa majina, akaulizia mpaka mbuzi. Baada ya Bibi akaja mzee na zake, na mwingine na zake. Kisha tulisikia baba akisema kwa sauti ya mbali, "Kadi yaniambia yaisha," na kikapu kikanyamaza. Watu walitawanyika wakiwa wameridhika kabisa. Wamesalimiana. Mama alinishika mkono tukarudi nyumbani, na maneno yake akarudi nayo.

Salamu zile hazikuwa mapambo. Kwetu, aliyepita bila kusalimu ana kisa, na jambo kubwa haliletwi mbele ya mtu mpaka uulize kwanza hali yake. Ni habari ya aina moja tu iliyoruhusiwa kuingia mlangoni bila hodi wala salamu, nayo ni ya kifo. Mtu akisimama uani akakuita jina tu, akanyamaza, wanawake walianza kutafuta leso za kujifunga kabla hajasema neno la pili.

Sasa, mwaka ninaoukumbuka, shangazi yangu Mwanasiti alipata mchumba. Alikuwa dada wa mwisho wa baba, mwenye kicheko kilichosikika mpaka pwani, na mchumba alikuwa Bakari wa Mwabungo, kijana mpole mwenye duka dogo la vyombo. Walipendana, nyumba zote mbili ziliridhia, nguo zilikwisha kushonwa. Lililobaki ni neno la walii. Babu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo aliyekuwa na haki ya kumuoza shangazi ni baba yangu, aliye mbali, na kadi yake iliisha kila mara kabla hajaulizwa. Maalim Shee, aliyetusomesha chuoni na ambaye ndiye angefunga ndoa, alieleza kwamba ipo njia: walii akiwa safari ya mbali, Kadhi anaweza kusimama mahali pake. Bibi alimtazama kama aliyetukanwa. "Mwanangu yu hai, ala na kunywa," alisema. "Simuozi binti yangu kama asiye na mtu." Basi Maalim akakubali kumngoja Omari, ila kwa sharti moja: idhini aisikie mwenyewe kwa sikio lake, kutoka kinywani mwa Omari mwenyewe, ambaye sauti yake anaijua.

Ijumaa ya kwanza salamu zilimeza kadi. Ijumaa iliyofuata Bibi aliahidi kufupisha, na akafupisha kweli, lakini mzee mmoja aliyetoka Funzi siku hiyo alikuwa hajasikia sauti ya Omari tangu alipoondoka, na nani angemkata mzee? Ikaja nyingine, mambo yakawa yale yale. Huko Mwabungo wakweze walianza kunung'unika. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na hakuna anayefanya harusi ndani ya mwezi ule. Ikiingia kabla ya ndoa, walisema, wao wangemtazamia Bakari nyumba nyingine. Mjumbe wao alitutupia methali mbili kwa mpigo, fimbo ya mbali haiui nyoka, na chelewa chelewa utapata mwana si wako. Shangazi aliacha kucheka. Nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja cha kamba, na niliona jinsi alivyokuwa akiivuta kanga aliyoletewa ya uchumba, akainusa, akairudisha chini ya mto. Roho iliniuma kwa ajili yake, nami nilimchukia Bakari, Maalim, kadi na Oman yote kwa pamoja.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo, Bibi alitoka asubuhi akazunguka kijiji. "Leo salamu zenu nipeni mimi," aliwaambia watu milangoni, "nitampa zote Ijumaa nyingine, na faida juu." Watu wakampa, wengine wakicheka. Adhuhuri ilipotoka tulikusanyika. Bi Mishi alikuwa ameuzima moto na kuinamisha karai, kwa heshima ya Maalim ambaye kifua chake hakikupatana na moshi, na nakumbuka jinsi kibanda kilivyokuwa kigeni bila mlio wa mafuta. Maalim aliketi juu ya debe, kanzu imenyooka. Shangazi alijifungia nyumbani kwa haya. Mimi nilibanwa kati ya nguzo na nyonga ya Bibi, na ndiyo maana nilisikia yote.

Simu ikalia. "Shikamoo, mama," alisema baba.

Bibi hakuitikia. Nilimwona akilimeza lile neno, na lilikuwa gumu kushuka. "Omari," alisema, "Maalim yuko hapa. Sema naye."

Kisha sauti ya baba ikapanda. "Nani, mama?"

"Nani nini?"

"Nani amekufa? Hukuitikia shikamoo yangu, mama! Niambieni nani!"

"Hakuna aliyekufa!" Bibi alipiga kelele. Lakini kelele zake ndizo zilizomthibitishia. Maalim aliinuka kuokoa mambo, naye kwa bahati mbaya alikuwa na sauti moja tu ya kusemea mambo mazito, ile ile aliyotumia kaburini. Alivuta pumzi, akatoa salamu ya dini kwa ukamilifu wake, polepole, na kabla hajafika mwisho tulimsikia baba akilia, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Mtu mzima, mbele ya kibanda cha simu cha ugenini, na nyuma yake labda watu wamepanga foleni. Maalim aliapa kwamba wote wazima. Baba hakusadiki. Alisema wanamficha, kama watu wanavyofichwa. "Nipeni Fatuma," alisema. "Nataka sauti ya Fatuma. Kama yuko hai mnipe!"

Watu wote waligeuka kutazama ukingo wa kibanda. Mama hakusogea mpaka Bibi mwenyewe alipomwita kwa mkono. Alikuja, akaishika nguzo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa chini yake, na nilikuwa nikimtazama usoni, maana nilijua amebeba maneno ya miezi na miezi na leo zamu imefika.

"Ni mimi," alisema. "Sote wazima."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Baba alishusha pumzi ndefu, ikavuma kikapuni. "Sema basi, Fatuma. Sema lolote nikusikie. Kadi yaniambia yaisha."

Mama alifumba macho. Sijui alichokuwa amekipanga. Nimemuuliza nikiwa mtu mzima, akasema amesahau, nami sikumsadiki. Siku ile alisema, akimwita kwa jina langu, "Dada yako aolewa, baba Mwanajuma. Mpe Maalim idhini. Upesi." Kisha akarudi nyuma na kumvuta Maalim kwa mkono wa kanzu, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa kashfa, akamsukumia sikio kikapuni. Sauti ya baba ilitoka nyembamba, bado ina machozi: "Nimekuwakilisha, Maalim, umuoze dada yangu Mwanasiti kwa huyo mliyemridhia." Na simu ikakatika.

"Nimesikia," Maalim alisema, akiinua kidole. "Nami nimekubali." Vigelegele vikapaa, Bi Mishi akavipokea, vikaenda nyumba kwa nyumba mpaka vikamfikia shangazi mle alimojifungia. Mama alikuwa amesimama pale pale, akijifuta macho kwa pindo la buibui. "Moshi huu, Bi Mishi," alisema. Jiko lilikuwa limezimwa, majivu yamepoa, na kila mtu aliliona hilo. Bi Mishi alilitazama jiko lake. "Pole, mwanangu," alijibu, "kuni mbichi hizi."

Ndoa ilifungwa kabla ya mwezi kuandama. Nilikula pilau mpaka tumbo likauma, na kicheko cha shangazi kilirudi, ingawa kilihamia Mwabungo. Ijumaa iliyofuata, tukiwa tumefunga na midomo imekauka, baba alipiga tena, na Bibi alianza kabla hajasalimiwa. "Marahaba," alisema. "Hiyo ni ile ya Ijumaa iliyopita. Sasa nipe ya leo." Kisha akamwaga salamu zote alizokusanya kijijini, za nyumba moja baada ya nyingine, na faida juu kama alivyoahidi, mpaka kadi ikaisha. Mama hakupata zamu. Ila tangu siku ile Bibi alimsimamisha karibu yake, mkono wake mzee umemshika kiunoni, ili sauti inayomwagika kutoka kikapuni imfikie naye.

Kisha mnara ulijengwa. Ulikuja kwa lori, vipande vipande, na tulisimama na midomo wazi kutazama vijana wakiupanda kama wakwezi wa minazi. Taa nyekundu ikawaka juu yake, netiweki ikaingia kila nyumba, jikoni, kisimani, mpaka ndani ya mikoko. Watu walinunua simu zao. Mama alipata yake, na kwa mara ya kwanza alizungumza na mumewe akiwa amekaa kitandani, mlango umefungwa, hakuna wa kumtangulia. Nilifurahi kwa ajili yake. Walizungumza sana mwanzoni, kisha kiasi, kisha nikawa namsikia akisema, "Haya, tutasema baadaye," naye alikuwa hana kazi yoyote inayomngoja. Bi Mishi alibaki na samaki wake. Siku moja nilipita nikaona kikapu bado kimetundikwa, ndani yake mna vitunguu.

Mimi niliondoka, nikasoma, na sasa kazi yangu iko Ukunda. Huunganisha nyaya za intaneti zinazopita chini ya barabara kwenda mahotelini na majumbani, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazobeba kwa kupepesa jicho maneno mengi kuliko yote yaliyowahi kupita kwenye nguzo ya Bi Mishi. Najivunia kazi hii. Lakini kutwa simu yangu hulia, na wateja, wenyeji kwa wageni, huanza na, "Netiweki imepotea," au, "Uko wapi?" Hawana ubaya, ndivyo watu wanavyozungumza siku hizi. Ni moyo wangu tu ambao hauzoei. Kila nipokeapo simu isiyo na salamu, kwanza hujiuliza ni nani aliyekufa. Niliwaambia vijana ninaofanya nao kazi, wakacheka, wakasema dakika siku hizi hazina mwisho, mtu asalimu mpaka achoke. Ni kweli. Hakuna anayechoka, maana hakuna anayeanza.

Bibi alikufa asubuhi moja ya kaskazi, nyumbani kwake Bodo, baada ya kumuuliza kila aliyeingia chumbani ameamkaje. Baba alikuwa bado Oman. Alikuja likizo mara kadhaa akarudi, kama warudivyo wengi. Mama alinipa mimi simu. "Wewe ndiye mtu wa kazi hizi," alisema. Nilipiga ya picha, baba akatokea, ndevu zimekuwa nyeupe, nyuma yake dirisha lenye jua kali. Nilifungua kinywa, nikakumbuka debe la Maalim na kilio kile, na sikuweza.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikamwambia sijambo. Nikamuuliza hali yake, ameamkaje, habari za kazi, habari za wenziwe, joto la huko, mguu wake. Alijibu moja moja, bila haraka, uso ukimchangamka, kisha akazirudisha. Akamuulizia mama. Akamuulizia shangazi Mwanasiti na wanawe, na Bi Mishi, na Maalim. Nilimjibu wote hawajambo, na ilikuwa kweli. Alicheka. "Leo umenisalimu kama Bibi yako," alisema. "Mwenyewe je, hajambo?"

Picha haikutikisika. Sauti haikukwaruza. Alikuwa akinitazama machoni, na mle chumbani hamkuwa na moshi wa kusingizia. Tangu utotoni nilikuwa nimeomba simu za baba zisikatike, na sasa niliomba hii ikatike, kama zilivyokuwa zikikatika zamani, neno likiwa bado kinywani. Haikukatika.